Radhi Juu ya Mgongo wa Mlima

Mshonaji alikuwa ameweka sharti moja tu: hatatoa radhi bintiye awe kiongozi wa wapanda mlima mpaka apelekwe yeye mwenyewe kwa njia watakayopitishwa wageni, ile ya mgongo mwembamba wa mawe wenye bonde kulia na bonde kushoto. Binti, aliyeitwa Sindano tangu utotoni kwa wembamba wake, hakubishana. Kazi ilikuwa inamngoja, lakini bila radhi ya mama asingeigusa.

Kwa juma zima chumba cha ushonaji kiligeuka uwanja wa mazoezi. Sindano alimfunga mama yake kamba kiunoni, akaipitisha nyuma ya miguu ya meza ya kukatia, kisha nyuma ya cherehani, mara huku mara kule, akimweleza kwamba huko juu mawe yataishika kamba namna hiyohiyo.

"Dada, mlima huo hauna lifti," alisema jirani aliyekuwa akipiga pasi. "Ukichoka utamwambia nani asimamishe?"

"Wewe endelea kuunguza nguo za watu," mshonaji alimjibu. "Mlima niachie mimi."

Siku ya safari walianza kupanda kungali na baridi, wamefungana kamba moja viunoni. Mwanzoni mgongo wa mlima ulikuwa mpana, nao waliweza hata kuzungumza habari za nyumbani. Baadaye ulipungua, ukapungua tena, mpaka ikawabidi waukalie kama punda, mguu mmoja ukining'inia bonde hili na wa pili bonde lile. Mshonaji hakujihofia nafsi yake. Macho yake yalikuwa kwenye kiuno cha mwanawe, kiuno alichokipima mwenyewe kwa kila sare ya shule, na alijua kilivyo chembamba. Uzito wake mwenyewe aliujua pia. Akawaza: nikiteleza, namvuta. Sindano alipozunguka jiwe kubwa asionekane, mama alilifungua fundo la kiunoni mwake taratibu, akabaki ameishika kamba kwa mkono, ili akianguka aiachie.

Sindano alipogeuka kumwangalia, aliiona ncha ya kamba ikipepea. Hakupaza sauti. Alirudi, akaketi akimkabili.

"Mama, fundo langu umelifanya nini?"

"Nimelifungua. Mwili huu ukienda, utaondoka na wewe. Nami nimezaa mmoja tu."

"Kwa hiyo ukianguka, mimi nirudi nyumbani nikawaambie nini? Kwamba mama ameniachia kamba nzima?"

Mama alitaka kucheka, midomo ikagoma.

"Kiuno changu hakikushiki peke yake," Sindano aliendelea. "Kamba imepita nyuma ya jiwe lile, kama nyuma ya meza yako. Mazoezi yote yale ulidhani tunacheza?"

"Nilidhani unanituliza moyo."

Sindano alilifunga fundo upya, akalivuta kulijaribu. "Kama huniamini, tushuke sasa hivi, na kazi nitaikataa mwenyewe. Sitaweza kumwongoza mgeni ikiwa mama yangu mzazi ananifungulia kamba kwa siri."

Mshonaji alilivuta fundo, naye akalijaribu. "Haya, tangulia," alisema.

Mbele kidogo palikuwa na mwamba wa kupandwa kwa mikono na miguu. Sindano aliupanda, akaizungusha kamba kwenye jiwe, akamwita. Mama alikuwa amefika katikati kiatu kilipoteleza. Kamba ikakaza, ikambana mbavu, ikamsimamisha palepale. Alipoinua uso alimwona mwanawe ameketi, miguu ameikita, hajasogea hata kidogo.

"Tafuta pa kukanyaga, mama. Usiharakishe."

Mshonaji hakuharakisha. Alimwachia mtoto wake uzito wote wa mwili wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akagundua kwamba bado anaweza kuvuta pumzi.

"Wachukue wageni wako," alisema, angali ananing'inia. "Radhi nimekupa."

"Ungengoja tufike kileleni, mama."

"Kileleni nitakuwa nahema. Pokea sasa."

Sindano aliipokea kwa kuinamisha kichwa tu; mikono yake haikuiacha kamba.