Geti la Shemeji

Kuna watu wana macho makavu, jamani! Mtu umemfukuza mkeo, umemnyang'anya mtoto, halafu unakwenda kwa miguu yako mwenyewe kwenye karakana ya kaka yake kuagiza geti. Ndivyo alivyofanya yule shemeji, tena akicheka.

"Chuki weka kando, shemeji," alisema huku akisukuma vipande vya chuma kwa ncha ya kiatu. "Mji huu hakuna anayechomelea kama wewe. Nataka geti zito, mtu akilisukuma ajue ndani kuna mwanamume."

Fundi akameza mate machungu. Nyuma ya geti hilo ndiko alikofungiwa mpwa wake, katoto ka miaka minne, na mama mtu amebaki mifupa na macho kwa kulia.

"Utalipata," akajibu. Moyoni alikuwa ameshaapa: mara hii utajua kilichomtoa kanga manyoya.

Wachomeleaji wana kitu wanachokiita kudonoa. Kabla ya kuchoma mshono mzima, unagusisha chuma na chuma kwa vinukta viwili vitatu ili visicheze wakati wa kupima. Vinukta hivyo havibebi mzigo, hata mwanagenzi anajua. Fundi alizidonoa bawaba zote, akaziziba kwa pati kama wazibavyo mabati ya magari, akapiga msasa, akapaka rangi nyeusi. Ungeapa ni mshono. Kwa desturi yake, kila geti lazima alipime kwa kuning'inia juu yake mwenyewe kabla halijatoka karakanani. Hili hakulipima.

Usiku ule mama yake alimwona anakula huku anatabasamu peke yake, akaingiwa na wasiwasi.

"Mwanangu, unapanga nini?"

"Napanga kumrudisha mjukuu wako. Baba yake akilazwa na mbavu zilizovunjika, mtoto atalelewa na nani kama si mama yake? Nambie, kosa liko wapi?"

"Kosa ni kosa hata ukilivika kanzu! Mdogo wako kila Ijumaa anakwenda kumsalimia mama mkwe wake. Hatukani, hanung'uniki, na yule mama ameanza kulainika. Mungu si Athumani, baba. Mwachie."

"Mungu wako amesinzia, mama. Mimi niko macho."

Mama alimwambia afunge kinywa chake, akaondoka na sahani ikiwa haijaisha.

Geti likapelekwa, likafungwa nyumbani kwa shemeji. Fundi hakuwa mjinga, alikuwa ameuliza: shemeji hulifungua mwenyewe kila asubuhi, kwa bega, hataki mtu mwingine aliguse. Basi Fundi akakaa kungojea habari njema. Kila simu ilipolia moyo ulimruka kwa furaha. Akilini alimwona yule bwana akiwa chini ya chuma kile, anaomba maji, na yeye anamnyima. Utamu wa kisasi huo, usiulize!

Habari ilikuja kweli, ila aliileta mdogo wake, mtandio umemponyoka kichwani kwa mbio.

"Kaka! Mama mkwe amemkalisha mwanawe mbele ya ukoo mzima, amemsema mpaka akalia. Amekubali! Ananirudishia mtoto leo hii. Njoo unisindikize!"

Fundi akasimama.

"Nani atafungua geti?"

"Swali gani hilo, kaka?"

Fundi alikuwa ameshatoka mbio.

Walipofika, mtoto alikuwa amepanda kwenye nondo ya chini ya geti, ameingiza uso katikati ya vyuma, anachungulia barabarani. Bibi yake alikuwa pembeni na kibegi cha nguo. Shemeji alikuwa anavuta komeo.

"Mama!" mtoto akapiga kelele, na bawaba ya juu ikaachia, kah!

Fundi akajitupa chini yake, akaliwekea mgongo. "Mtoeni mtoto! Mtoeni!" Bibi akamnyakua. Bawaba ya chini nayo ikaachia, na chuma chote kikamlalia Fundi begani, bega likavunjika kama kijiti.

Shemeji akamwinua. Kisha akainama kwenye nguzo. Pati ilikuwa imebanduka, vinukta vinameta. Hakuwa fundi, lakini hakuwa kipofu.

"Hukuchoma," akasema taratibu.

Fundi angeweza kusingizia chuma kibovu. Lakini mtoto alikuwa anamtazama, anatetemeka.

"Nilikutegea wewe," akasema. "Si yeye."

Shemeji hakupiga kelele; heri angepiga. Alimchukua mtoto mikononi mwa bibi yake. "Mama, uliniambia kwao ni watu wa subira. Mwanangu harudi kwenye nyumba hiyo." Na yule mama mkwe, aliyempigania mdogo wake Fundi mbele ya ukoo mzima, akatazama chini, akakibeba kibegi, akamfuata mwanawe ndani.

Mdogo wake alibaki amenyoosha mikono vilevile. Akamgeukia polepole.

"Kaka, mimi niliwahi kukulalamikia?"

"Hapana."

"Niliwahi kukuambia nimechoka kungoja?"

"Hapana, mdogo wangu."

"Basi ni nani aliyekutuma?"

Ndani ya nyumba, mtoto alikuwa bado anamwita mama yake.