Sahani ya Biskuti Kwenye Koito

Kitu cha kwanza nilichoona tulipofika kwa kina Dorine kule Boito ni matunda juu ya biskuti. Biskuti! Tumetoka Kaplong alfajiri kumposea mke Kipkirui, mtoto wa marehemu ndugu yangu. Mimi ni senge yake, shangazi wa kuheshimiwa. Halafu nachungulia dirisha la jikoni, naona msichana mwenyewe tunayemposa amefunga aproni kama mpishi wa hoteli, anapaka krimu kwenye biskuti kwa mgongo wa kijiko. Juu akapanga stroberi, ndizi na paipai, akivigeuzageuza vipande mpaka vyote vielekee upande mmoja. Chakula cha watoto wa nasari. Mbuzi hajaiva, maziwa ya mursik bado yamo kibuyuni, yeye anapamba biskuti.

Na hapo ndipo penye shida yenyewe. Dorine ana kibanda cha kuoka keki mjini Bomet, na sisi tulikuja na sharti moja: akiolewa, akifunge. Ng'ombe wa nyumbani watakamuliwa na nani? Tulipolipanga sharti hilo, Kipkirui alikuwa amekaa nasi; tulipomaliza akatoka nje na simu yake.

Kwetu, kwenye koito, kikao cha kuposa na kupatana mahari, mgeni haonji chochote mpaka maneno yaishe. Ukimeza, umekubali mambo yalipofikia, na hakuna kurudi nyuma. Basi tukakaa, wao upande huu, sisi upande ule, matumbo yakinguruma.

Dorine akaingia na sahani yake. Meza ilikuwa na nafasi tele, lakini aliiweka karibu kabisa na magoti ya kaka yangu Mathew, msemaji wetu. Akainama kwa adabu, akatoka.

"Ondoa hiyo kitu hapo," nikamnong'oneza Mathew.

"Wacha ikae, Janeffer. Inakusumbua nini?"

Mazungumzo yakaenda. Ng'ombe wakakubaliwa. Krimu ikaanza kuteleza, stroberi zikatoa maji mekundu, biskuti zikalegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nikafurahi, sitadanganya. Huo ndio ufundi wa kufungulia kibanda? Hata nzi walizunguka wakaenda zao.

Kisha baba yake Dorine akauliza kama tuna neno lingine. Nikamwangalia Mathew. Lilikuwa limebaki la kibanda tu. Akafungua mdomo, akatia biskuti.

Nzima! Mzee wa kanisa, mtu mwenye wajukuu, krimu kwenye masharubu.

Baba yake Dorine akapiga makofi. "Mgeni amekula! Maneno yameisha. Leteni chakula!"

Vigelegele vikaanza nje.

"Kuna neno moja limebaki," nikasema kwa sauti.

"Basi mzee wenu aitapike kwanza," akajibu mjomba wa Dorine. Wakacheka wote. Mathew naye akacheka, mpumbavu yule, huku mkono wake ukienda kwa ya pili.

Nikamfuata msichana jikoni.

"Nani alikuambia uweke hiyo sahani mbele ya Mathew?"

"Kipkirui," akasema, bila aibu hata kidogo. "Aliniambia baba mkubwa hawezi kukaa karibu na kitu tamu."

"Na yeye ndiye alikuambia habari ya kufunga kibanda?"

"Siku ile ile mlipanga, senge. Alinipigia simu." Akanisogezea biskuti. "Onja moja."

Nilikataa. Wakati wa koito yangu mimi nilikuwa na cherehani mjini Sotik, na wateja. Wazee wa upande wa bwana walikaa na njaa mpaka jioni wakitaka niiuze, na baba yangu akachoka, akakubali. Miaka hii yote nimewalaumu wazee wale. Sasa nikasimama katika jiko la watu, krimu imemwagika kila mahali, na kwa mara ya kwanza nikamkasirikia mume wangu. Alilijua sharti lao kabla yangu, kama Kipkirui alivyolijua letu. Hakuniambia neno.