Pua ya Ng'ombe Aliyefiwa

Ng'ombe alimpiga ndama teke jingine, na Dukicha akatukana. Ndama huyo alikuwa yatima, mama yake alichukuliwa na mafuriko hapo Minjila. Ng'ombe naye alifiwa na ndama wake jana. Mmoja ana maziwa, mwingine ana njaa, na bado hawapatani. Asiponyonya leo, ndama anakufa.

"Umempaka nini?" dada yake Darmi akauliza.

"Dawa ya mafua, ile ya kupaka yenye harufu kali. Mwili mzima, harufu yake ijifiche."

Darmi akacheka. "We Dukicha! Si ndiyo umemfanya anuke ugeni zaidi? Ndani ya pua kuna vipokezi, ni kama kufuli, na harufu ndiyo ufunguo. Kufuli likiwa na ufunguo mwingine ndani, huu wa mgeni utaingilia wapi? Paka pua ya ng'ombe!"

"Ungesema mapema."

"Wewe humsikiliza nani?"

Dukicha akamwosha ndama, akamfunga ng'ombe miguu ya nyuma, akamsukumia dawa puani. Ng'ombe akapiga chafya, akamjaza kamasi uso mzima. Dukicha hakumwachia. Ndama akasogezwa. Ng'ombe akamnusa, akamnusa tena, akasimama kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Ndama akashika chuchu.

"Na dawa ikiisha nguvu?" Darmi akauliza.

"Nampaka tena, hata wiki nzima. Maziwa yakishapita tumboni mwa huyu mtoto, ng'ombe akimnusa mkiani atasikia harufu ya maziwa yake mwenyewe. Hapo nitamfungua."

Akajifuta kamasi, akakaa hapo hapo, kamba mkononi.