Nafasi Kando ya Baba

Dada yangu Rollande alichukuliwa na wazazi wetu akiwa mchanga kutoka kwa watawa wa Quebec waliolea watoto yatima, kabla mimi sijazaliwa. Parokia nzima ilijua, naye alijua. Alipewa jina letu, Gadoury, na hakuna aliyelipenda jina hilo kuliko yeye.

Ndiye aliyemtafuta Mathurin, askari aliyetoka Ufaransa enzi za wafalme, babu yetu sote. Alizunguka parokia za kandokando ya mto, akapiga magoti makaburini na kukwangua kuvu kwenye mawe. Akagundua kwamba Mathurin, kama askari wengi wa siku zile, alikuwa na majina mawili: Gadoury la kwao, na Ladouceur alilopewa na wenzake kambini. Watoto wake wengine walishika hili, wengine lile. Kumbe vizazi vyote hivyo tuligombania mipaka ya mashamba na akina Ladouceur, nao ni ndugu zetu.

Kiangazi kile, Baba mdogo Fernand, mwenyekiti wa chama cha ukoo, aliwaalika akina Ladouceur kwenye mkutano wetu wa kila mwaka. Baada ya misa tulikula chini ya hema. Fernand alimkalisha karibu naye Normand Ladouceur, muuza matrekta, ambaye hakuwahi kusikia habari za Mathurin mpaka Rollande alipogonga mlango wake.

Rollande alikuwa amekonda, kansa imeshafika kwenye ini.

"Baba mdogo," alisema, "daktari hanipi muda mrefu. Naomba nizikwe kwenye ile nafasi kando ya baba."

Kiwanja cha makaburi ya ukoo kilikuwa mikononi mwa Fernand tangu babu afe. Aliendelea kupaka mkate siagi.

"Wewe nawe. Watu wanakula, unatuletea makaburi."

"Nafasi imebaki moja tu. Ndiyo maana naomba mapema."

"Rollande, mwanangu, wewe ndiye uliyetufundisha kufuata damu. Leo unataka tuiruke?"

"Mwacheni," akasema shangazi Aldéa. "Hata paka wa kuokota hupewa pa kulala karibu na jiko."

Meza nzima ikacheka. Rollande naye akacheka.

"Basi niwekeni karibu na jiko, shangazi."

"Kufa kwanza," Fernand akamwambia, akimpigapiga begani. "Hayo mengine tutaona."

Alikufa Februari. Ardhi ilikuwa ngumu kama chuma, kwa hiyo jeneza lake likawekwa katika kile kijumba cha mawe nyuma ya kanisa, pamoja na wafu wengine wa msimu, kungoja udongo ulainike. Kila Jumapili nilisimama mlangoni nikamsalimu. Kila nilipomuuliza Fernand kuhusu nafasi ile, alinijibu kwamba theluji bado haijaisha.

Ilipoisha, nilikuta kaburi lake limechimbwa mwisho wa mteremko, kwenye ua wa waya, kando ya barabara. Kando ya baba palisimama jiwe jipya la Normand Ladouceur. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa umechongwa. Wa kufa ulikuwa wazi. Normand mwenyewe alikuwa amesimama pale na suti yake, mzima, mashavu mekundu.

"Baba mdogo, umefanya nini?" niliuliza.

"Yule ni damu," alisema Fernand. "Kamuulize dada yako, ndiye aliyethibitisha."

Padri alimaliza sala, jeneza likashushwa. Normand akanijia, macho yamelowa. Alimpenda Rollande kweli, na nadhani hakuna aliyemweleza lolote.

"Usihuzunike sana, Huguette," alisema. "Siku nitakapolazwa pale juu, nitamsalimia baba yenu kwa niaba yake."

Kisha akavua koti, akachukua koleo na kusaidia kufukia.