Siku Akello Alipouza Omena za Mwenyewe

"Askari wakija, mimi ndiye nitawafungulia mlango," Akello aliwatangazia waumini wa kanisa la mabati pale Otonglo. "Ila akiwa yule mrefu mwenye rungu, mtanisamehe, nitapitia dirishani."

Watu wakacheka. Chifu alikuwa amepiga marufuku ibada zao hadi kanisa lisajiliwe. Mchungaji Opondo alimjibu kwa upole: ushuru watalipa, baraza watahudhuria, lakini kuacha kuomba, hapana. Akello, mpiga ngoma wa kanisa, ndiye aliyeshangilia jibu hilo kuliko wote.

Jumapili askari wakaja. Akello hakungoja kuona urefu wa mtu. Alitoka dirishani na kiuno chake kibovu, akavua kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu, akaikunja na kuikalia kwenye kibanda cha Salme, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Salme alikuwa Mwislamu, hayo hayakumhusu, lakini alisogea akampa nafasi.

Askari mmoja akawafuata. "Mama, wewe ni wa kanisa hilo?"

"Mimi? Hata jina la mmoja wao silijui, afande. Wallahi tena! Mimi natii serikali. Si imewekwa na Mungu?" Akamfungia mkebe mzima wa omena, bure, tena za Salme.

Waumini wenzake Akello wakapitishwa kuelekea kwenye lori, bila viatu, vile vile walivyokuwa wakiomba. Mmoja wao, Maryanne, alikuwa na mtoto mgongoni. Akello akainamisha uso, akawa anachambua omena mojamoja kama aliyepoteza pete ndani yake. Ile kanzu aliyoikalia ilimchoma kama makaa.

Kesho yake mchana walipoachiliwa, walimkuta Akello langoni mwa kituo na chupa yake ya uji. Akampokea Maryanne mtoto.

"Mama, tulikutafuta hadi seli za wanaume," Maryanne akasema.

Hapo angesema ukweli. Maneno yalimfika kooni, ila mdomo ukayatangulia. "Mimi walinipeleka kituo kingine! Nikawaambia, afande, Mungu kwanza, chifu baadaye!"

"Bwana asifiwe!" Mchungaji Opondo akafuta machozi.

Askari wa langoni akageuka. "Ala, mama wa omena! Kumbe hawa ni watu wako? Na jana uliniapia humjui hata mmoja. Lakini mke wangu amesema asante, zilikuwa tamu."

Hakuna aliyecheka. Maryanne akanyoosha mikono, akamchukua mtoto wake.