Mzazi au Mlezi

Fomu ya ruhusa iliandikwa "mzazi/mlezi, futa isiyohusika", na Tomasi akafuta mlezi. Sasa ulitaka afute nini? Kwao Matombo mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Dada yake alifariki bintiye Glory akiwa bado ananyonya, Tomasi akamkuza mwenyewe. Mlezi, masikioni mwake, ni mtu aliyeachiwa mtoto wa watu.

Kosa lilionekana Jumamosi, Glory ameshaingia fainali ya watoto ya mchezo wa vitara, ule wa kushindana kwa panga nyembamba butu, kwenye ukumbi mmoja Bigwa. Siku hiyo binti alikuwa moto wa kuotea mbali. Mshindi angekwenda Nairobi, na wiki nzima mtoto hakuwa na wimbo mwingine. Mwalimu Mwanaidi, msimamizi wa usalama wa watoto, alilinganisha fomu na cheti cha kuzaliwa, akakuta baba ni Elia. Akamwita Tomasi pembeni, akamweleza kwa adabu kwamba mtoto hachezi kwa taarifa ya uongo. Angeliacha neno mlezi, yasingekuwepo haya yote. Jamani, neno moja!

Tomasi aliona aibu kama mwizi. Aliomba, akaapa, ikashindikana. Mwanaidi naye roho ilimuuma, akatafuta njia: mzazi wa kwenye cheti aruhusu kwa simu, mashahidi wawili wakisikia. Elia alikuwa kibarua wa mashamba ya miwa, na namba yake Tomasi alikuwa nayo, ingawa miaka minane hawakupigiana. Simu ikawekwa sauti ya juu. Glory akasogea, uso umechangamka, maana sauti ya baba yake hakuwahi kuisikia.

"Baba Glory, habari za kazi," alisema Mwanaidi. "Unamruhusu Glory acheze?"

"Glory yupi?"

Mwanaidi akaeleza. Elia akacheka kidogo, akasema aah, huyo, acheze tu, hana neno. Ruhusa ikatimia, mashahidi wakasaini.

Kanuni inataka wachezaji wasalimiane nyuso zikiwa wazi kabla ya kuanza. Mpinzani akasalimu. Glory alisimama na kofia yake ya wavu wa chuma usoni, mabega yakimtetemeka, akagoma kuivua. Mwamuzi alimwambia mara mbili. Tomasi akapiga magoti mbele yake, akambembeleza, Nairobi ile pale mwanangu.

"Mjomba," alisema Glory kutoka ndani ya kofia, "kwa ruhusa ya yule mimi sichezi."

Mwamuzi akampa mpinzani ushindi, na Tomasi na Glory wakatoka ukumbini wameshikana mikono, mtoto hajaivua ile kofia.