Samaki wa Mfereji Mkavu

Kivuva alishuka ngazi ya chuma akiwa na karai la samadi kichwani, akalimwaga juu ya vigae vya buluu. Ilikuwa Februari 1992, na barua ya Bwana Musembi kutoka Nairobi ilikuwa fupi: watoto wamekua, hakuna anayeogelea tena, bwawa ligeuzwe la samaki. Kivuva, aliyemtunzia Musembi boma hilo miaka kumi na mitatu, alitii. Alitandaza udongo mwekundu juu ya samadi, akajaza maji, akayaacha wiki mbili yageuke kijani. Siku alipotumbukiza mkono hadi kiwiko na asivione vidole vyake, alijua yako tayari. Pikapu ikaleta vifaranga mia tatu vya ngege ndani ya pipa.

Maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa siri yake. Bomba la serikali lililotoka mlimani kwenda kwenye mfereji wa soko la Matinyani, watu walipokinga maji, lilipita nyuma ya boma. Mwaka 1979 Musembi alimwambia Kivuva, kwa kuwa ni fundi, aliunganishe na bwawa na kuifunga koki ya upande wa soko. Kivuva akaifunga. Mfereji ukakauka, watu wakaambiwa ni ukame, na wanawake wakarudi kuchimba maji kwenye mchanga wa mto. Mkewe, Ndila, alikuwa mmoja wao. Kivuva hakuthubutu kumpelekea hata debe moja kutoka kazini, maana angeuliza limetoka wapi. Mwaka 1984 kisima cha mchanga kilimporomokea Ndila, akafa.

Tangu hapo Kivuva aliacha kukaa na watu, asije akaulizwa jambo. Kanisani alikaa benchi la nyuma, akatoka kabla ya kusalimiana. Alikula peke yake, akaongea peke yake, na upweke ulimuuma kweli, hasa saa kumi za jioni, wakati wenzake wanapokunywa chai.

Mwezi wa nane samaki walianza kupungua. Kivuva aliwalaumu korongo, kumbe korongo wa watu hawakuwa na kosa. Samaki walikuwa wakipitia kwenye koki iliyofungwa. Saa tatu asubuhi mfereji wa soko ulikohoa, ukatoa ngege mmoja, mzima, aliyelowa. Maji haukutoa. Bomba lile ni la nusu inchi na samaki alijaa kiganja na kuzidi, lakini alitoka bila mkwaruzo. Nthenya, dada yake Ndila, aliyeuza ndengu kando ya mfereji, alimpangusa kwa leso akampa paka, kwa sababu wazee wa hapo hawali samaki. Wanamhesabu ukoo mmoja na nyoka. Kesho yake, saa tatu, alitoka mwingine.

Ofisa mmoja wa maji alikuja na faili. Alingoja saa tatu, akamwona samaki, akaandika kwamba mfereji unafanya kazi, kisha akaufuta kwenye orodha ya mifereji mikavu. Alikuwa mtu makini. Aliandika mpaka urefu wa samaki.

Tarafa nzima ilikuwa na bwawa moja tu la samaki. Habari za mfereji zilimfikia Kivuva, akangoja watu waje wamuulize. Wiki tatu zikapita, hakuna aliyebisha hodi, na kungoja kukamchosha kuliko kuficha. Jumapili, wakati wa ushuhuda, alisimama.

"Bwana asifiwe. Mimi naitwa Kivuva, niliokoka mwaka wa sitini na tisa. Hiyo maji ya soko, ni mimi nilifunga."

"Amina," kanisa likajibu. Mchungaji akamshukuru, akaita kwaya ya akina mama.

Nje, Nthenya alimfuata hadi penye baiskeli yake. "Shemeji, hiyo maneno tulijua kitambo."

"Nani aliwaambia?"

"Ndila. Ile wiki ulifunga. Aliona umerudi na matope kwa suruali, na mvua haikuwa imenyesha. Akasema tunyamaze, usifutwe kazi."

"Na alipokufa?"

"Alisema tunyamaze. Hakusema mpaka lini."

Kivuva aliuliza kwa nini mkewe hakumwambia yeye mwenyewe.

"Alikuwa anangoja wewe umwambie," Nthenya akasema. "Miaka tano alingoja."

Kivuva alirudi bomani, akachukua spana, akaenda mpaka kwenye koki. Chumba anacholala ni cha Musembi, kitanda ni cha Musembi, na spana pia ni ya Musembi. Akairudisha kwenye sanduku lake.

Kisha aliketi ukingoni mwa bwawa, miguu majini, akamsimulia Ndila habari yote kwa sauti, tangu asubuhi ile ya koki, bila kuruka kitu. Nyuma ya ua wanawake walikuwa wakipita na madumu kuelekea mtoni. Samaki waliposikia sauti walipanda juu wakidhani wameletewa chakula, wakafungua vinywa. Walipoona ni maneno tu, wakarudi chini.